Benchi la mbao la bustani: anza na unyayo

Masika yaliyopita nilikaa kwenye benchi langu la bustanini, lile la shilingi 280,000, mguu wa nyuma ukadidimia kama mkate uliolowa chai. Nikalipindua. Nje vanishi inang'aa, ndani udongo wa mchwa mtupu. Muuzaji aliniapia, "Dada, huu mninga." Nilipokwangua nikakuta paini. Ningelinyanyua tu siku ile ningejua, maana mninga ni mzito.

Kwa hiyo urembo na upana mtajichagulia wenyewe. Mimi nawaambia pindueni benchi mtazame unyayo wa mguu. Pale ubao ulipokatwa, mishipa yake iko wazi, na ikigusa ardhi hunyonya maji kama utambi. Nimepindua mabenchi mengi tangu hapo. Karibu yote yamepakwa kila mahali isipokuwa pale.

La kwanza kwangu ni la mtiki, lenye mgongo na mikono, vibao vya kukalia vimeachiana upana wa kidole ili maji yapite. Naupenda mtiki wa Kilombero na sifichi. Una mafuta yake wenyewe, na usipoupaka kitu hugeuka kijivu tu. Ila dai kiini, ile sehemu ya kahawia. Weupe wa pembeni huoza upesi, na mti uliovunwa mchanga weupe wake ni mwingi.

La pili ni la ubao mmoja mnene wa mvule, bila mgongo. Linadumu, lakini maji hutuama juu. Mwambie fundi aupe mteremko kidogo. Yale yaliyoungana na meza nayaweka nyuma: ni mazito, hayahamishwi, miguu inashinda palepale penye unyevu. Ya miguu ya chuma yanamshinda mchwa, ila huku pwani kutu haina huruma. Paini isiyotiwa dawa ibaki barazani.

Kinachoniudhi ni kwamba vanishi nyeusi hupakwa kabla mteja hajaiona mbao. Nilipoagiza la mtiki lisilopakwa chochote, nikaongezewa 40,000. Kwa kazi gani, ikiwa kazi imepungua?

Nililipa. Kabla ya kulitoa nje nilisimamisha kila mguu kwenye kopo la dawa ya mchwa usiku kucha, asubuhi dawa imepungua nusu. Sasa limekaa juu ya vipande vinne vya marumaru.