Jiko rafiki wa mazingira Dar? Anza na maharage

Ukiniuliza ununue jiko gani, nami nitakuuliza kwanza: kwako maharage mnapika mara ngapi kwa wiki? Chai, mayai na ugali havimalizi msitu. Kinachomaliza ni maharage, makande, utumbo na supu ya kongoro, vile vyakula vya saa mbili tatu ambavyo hata mwenye gesi ndani huvitolea jiko la mkaa uani, akihofia mtungi wake. Ndiyo maana nyumba nyingi hapa mjini zina majiko mawili, mtungi wa mambo ya haraka na mkaa wa kazi ngumu. Orodha hii nimeipanga kwa swali moja tu: jiko lipi litakutoa kwenye mkaa siku ya maharage?

Na huo mkaa hauoti Manzese. Kwenye tanuri la kienyeji la kufukia na udongo, kilo moja ya mkaa hula kilo 6 hadi 10 za kuni, halafu gunia linapandishwa lori kuja mjini. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe imechomwa mkaa miaka na miaka kwa sababu hiyohiyo: wateja tuko hapa jirani.

La kwanza: presha kuka ya umeme

Hii ndiyo namba moja yangu, na najua wengi mtaguna: "Umeme? Na LUKU hii?" Nilikuwa hivyohivyo. Jumapili moja nikaamua kupima. Nikazima friji, nikachomoa kila kitu, nikasoma mita: uniti 14.6. Nikaweka nusu kilo ya maharage yaliyolala kwenye maji, nikafunga mfuniko, nikaenda kufua. Nilipofungua, yameiva mpaka yanapasuka. Mita inasoma 14.2.

Piga hesabu mwenyewe. Kwa tarifu ya kawaida, umeme wa 10,000 unakupa uniti 28, yaani uniti moja ni kama shilingi 356. Sufuria yangu ya maharage imekula kama shilingi 140. Kwa mkaa wa kupima, siku kama hiyo nilikuwa natoa shilingi 1,000, na moshi juu. Siri yenyewe si ngumu: jiko la wati 1,000 likiwaka mfululizo saa nzima linakula uniti moja, lakini hili haliwaki mfululizo. Likishafikia presha linajizima, linawaka tena kidogo joto likishuka. Na ukuta wake unatunza joto kama hotpoti.

Umeme wenyewe unatoka wapi? Kwa sehemu kubwa ni maji na gesi asilia: Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115, na kuna mitambo inayotumia gesi ya Songosongo na Mnazi Bay. Si usafi wa asilimia mia, lakini hakuna mti unaochomwa ili maharage yako yaive.

Kariakoo utaikuta ya lita 6 kwa laki na kidogo mpaka karibu laki mbili, kutegemea jina na ulivyojipanga kupatana. Usinunue ikiwa ndani ya boksi. Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba tuichomeke hapahapa." Toa mfuniko, angalia ule mpira wa pembeni: uwe laini, usiwe na mkato, na uulize kama spea yake inapatikana, kwa sababu ndio unaochoka mapema. Mimi ya kwanza niliipata bila mpira kabisa. Niliporudi dukani nikaambiwa niliuacha njiani. Angalia pia chungu cha ndani: kizito ni kizuri, chepesi kama bati la sardini kiache. Dai risiti na garantii iliyoandikwa, si ya mdomo.

Lina kasoro mbili. Umeme ukikatika, umekatika. Ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni LUKU ya pamoja. Kwenye nyumba ya kupanga yenye mita moja, ukionekana na presha kuka wewe ndiye utakayetupiwa lawama uniti zikiisha, hata kama anayezimaliza ni jirani mwenye pasi. Kabla ya kununua, kaa na wenzako na hesabu ya hapo juu mkononi. Mimi nilimpikia mama mwenye nyumba makande mbele ya mita yake. Akasema, "Haya mwanangu, pika, lakini na mimi uwe unanipikia." Tukamalizana.

La pili: gesi

Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na wengi wakisikia nishati safi wanaona mtungi. Sawa. Gesi ni safi kwa mapafu na kwa sufuria, na kwa kukaangia au kusonga ugali sioni mpinzani. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja: watu hudhani ya mtungi ndiyo ile ya Mtwara. Siyo. Gesi ya mtungi ni propani na butani zitokanazo na usafishaji wa mafuta na uchakataji wa gesi asilia, na inakuja na meli. Ni afadhali kuliko mkaa, mbali sana, lakini bado ni ya kuchimbwa ardhini na kuagizwa nje.

Kama watu ni zaidi ya watatu, nunua wa kilo 15 badala ya 6. Kwa kilo moja moja unatoka na nafuu. Mwisho wa mwezi ukibana, mtungi mdogo wa akiba una heshima yake. Siku ya kununua, soma uzito wa mtungi mtupu uliogongwa au kuandikwa kwenye chuma. Ukiwa mtupu ni kilo 7, basi wa kilo 6 ukiwekwa kwenye mizani usome 13. Muuzaji anayekosa mizani, au anayekwambia "mzito huu dada, we shika tu", muage kwa upole. Hakikisha lakiri haijaguswa. Ukifika nyumbani, paka povu la sabuni kwenye maungio ya regyuleta. Likitoa mapovu, funga, usiwashe.

La tatu: jiko banifu, na mkaa mbadala ukiwa umeusoma

Si kila mtu ana laki moja ya mkupuo, na hilo halimfanyi mharibifu. Jiko banifu zuri lina bati nje na kikombe cha udongo wa kuchoma ndani, moto unabaki chini ya sufuria badala ya kupasha miguu yako. Ligonge kwa kidole kabla ya kulipa: udongo ulioiva unalia kama kigae, mbichi au wenye ufa unatoa sauti ya kufa. Chagua dogo linaloenea sufuria yako. Jiko kubwa unalijaza hata kwa chai.

Kwenye mkaa mbadala, geuza mfuko usome. Upo wa vifuu vya nazi, wa pumba na wa vumbi la mkaa, ambao kweli unaokoa taka. Upo pia wa makaa ya mawe. Huo hauangushi mti, lakini makaa ya mawe ni makaa ya mawe hata yakifinyangwa vizuri. Binafsi nachukua wa vifuu. Unachelewa kushika, ukishika unadumu. Wowote utakaochukua, usiupeleke ndani chumbani hata mvua inyeshe vipi. Hewa yake inaua bila harufu.

Ya kupita nayo haraka

Jiko la umeme la kioo, lile linalotaka sufuria za chuma (induction), ni zuri na lina kasi, ila sufuria zetu nyingi ni za alumini na halizitambui. Nenda dukani na kisumaku: kikinata kwenye kitako cha sufuria yako, nunua, kikianguka, ongeza bajeti ya sufuria.

La koili la bei rahisi liache. Linawaka muda wote, joto jingi linapotelea hewani, na ndilo lililowapa watu hofu ya kupikia umeme. Jiko la mafuta ya taa sina la kusema zaidi ya harufu yake kwenye wali.

Kama bado unajichanga, loweka maharage usiku, mwaga maji hayo asubuhi, funika sufuria na jiwe juu ya mfuniko. Muda wa kupika unapungua sana, kwa jiko lolote ulilonalo leo.