Mwiko wa silikoni wa kukombea ndoo ya mawese: uzoefu wangu

Nauza mawese ya rejareja hapa Mwanga, Kigoma. Nachukua ndoo ya lita 20, nawapimia wateja robo, nusu, lita. Miaka yote upawa ukianza kugonga chini nilikuwa nafuta kwa mkono ninachoweza, kinachobaki nakisuuza kwa maji ya moto na sabuni. Mafuta niliyoyalipia yanaishia mtaroni, na roho inaniuma kila ndoo.

Mwezi wa sita, baridi ya asubuhi ilipoanza, ikawa mbaya zaidi. Mawese yakipoa hujitenga: mepesi mekundu yanakaa juu, mazito yenye rangi ya chungwa iliyopauka yanashuka na kugandia ndoo. Wengi huyaita machicha wakayatupa. Si machicha jamani, ni mafuta yale yale. Yapashe moto kidogo uone yanavyoyeyuka.

Ndipo nikanunua mwiko wa silikoni, huu wengine tunauita mwiko wa mpira. Wa kwanza, wa shilingi 4,000, kichwa chake kilikuwa kimechomekwa tu kwenye mpini wa mti. Wiki ya tatu kikachomokea ndani ya ndoo. Nilipochungulia lile tundu nikakuta mafuta yamechacha humo, na mti umeota ukungu. Kumbe nilikuwa nachovya uchafu ule kwenye chakula cha watu! Niliumia sana. Nikautupa siku hiyo hiyo, nikaongeza hela nikanunua wa 7,000, kipande kimoja toka kichwani hadi mkononi. Huu ndio ninaousifu, huu ni mwezi wa nane tangu niununue.

Nainamisha ndoo, naubana ukingo wa mwiko kwenye ubavu wa ndoo, nauvuta toka chini kuja juu bila kuuachia. Unajipinda kufuata mviringo wa ndoo, na ulipopita plastiki inabaki inang'aa. Mafuta mengi yamejificha kwenye kona ya chini, pale ubavu unapokutana na kitako, mahali ambapo upawa haufiki hata uugeuze vipi. Ndoo ya kwanza nilipima nilichokomba: kikombe cha chai kikajaa pomoni. Nauza ndoo nne kwa mwezi, kwa hiyo ni kama lita nzima niliyokuwa namwaga. Nayapasha, nayachuja kwa kitambaa safi, yanarudi kwenye biashara.

Kwenye dumu haufai, mdomo ni mwembamba, kichwa hakipiti. Dumu nalilaza juani juu ya bati hadi mchana, kisha naliinamisha juu ya faneli na kuliacha lidondoke lenyewe. Chupa ya losheni naikata kwa kisu, nakomba kwa kidole.

Rangi nayo, mwiko wangu mweupe uligeuka wa chungwa siku ya pili. Ni ile ile rangi iliyomo kwenye karoti, na sabuni haiiwezi. Nilijaribu kuuanika juani siku mbili, ikafifia sana. Harufu ya dagaa ndiyo ngumu, kwa hiyo nikanunua mwingine wa jikoni peke yake.

Dada yangu aliyeolewa Urambo akija hutuletea asali, nayo inakombeka vizuri. Ikiwa imeganda, kwanza weka kopo kwenye maji ya uvuguvugu, usiibandike motoni. Mwiko wenyewe unavumilia sufuria ya moto, ila usiuache uguse muwako wa jiko.

Kwa mama lishe, muuza mawese, au yeyote anayenunua vitu kwa ndoo, nasema nunua. Ila ukiwa dukani shika kichwa ukivute na kukizungusha. Kikicheza hata kidogo, urudishe pale pale kabla hujatoa hela, maana mimi niliporudi na ule wa kwanza, kabla ya kuutupa, niliambiwa kikishatumika hakirudi.