Uzoefu wangu: Boss SD-1 mbele ya amplifaya ya tyubu, kwa wanaopiga metali

Kama unapiga metali, ule muziki mzito wa roki, kwa gitaa la umeme na una amplifaya ya tyubu, yaani ile inayokuza sauti kwa vile vitaa vya kioo, afu kwenye nyuzi za chini sauti inakuwa nzito nzito inavurugika, yaani umekata rifu, kile kipande unachorudiarudia, lakini yenyewe bado inaburuza, basi kabla hujaanza kuhangaika na hela ya amplifaya nyingine au kuagiza tyubu mpya tafuta kwanza pedali ndogo ya ovadraivu, kile kiboksi cha kukanyaga kinachosukuma sauti ya gitaa kabla haijaingia kwenye amplifaya. Mi natumia Boss SD-1, ile ya njano, inatengenezwa tangu 1981, iko kwenye seti yangu hapa Njiro, Arusha, na siitoi.

Machalii wengi wakiona nilivyoiweka wanashangaa, maana siitumii kuongeza distosheni, ule mkwaruzo wa sauti, kabisa. Nobu ya Drive (mkwaruzo) iko sifuri, Level (ukubwa wa sauti inayotoka) iko juu karibu yote, Tone (ukali wa sauti) katikati. Distosheni yote inatoka kwenye amplifaya. Kazi ya pedali ni kupunguza besi na kusukuma midi, zile sauti za katikati, kabla sauti haijafika kwenye zile tyubu ndogo za mwanzo, 12AX7, na hapo ndo siri yote ilipo aisee. Uzi wa sita ukiwa kwenye E unatetemeka hezi 82 hivi (mara 82 kwa sekunde), ukiushusha mpaka C unafika kama 65. Hizo sauti za chini zinabeba nguvu nyingi sana, zikiingia zote kwenye geini kubwa, yaani ule ukuzaji wa mwanzo unaoleta distosheni, zinaijaza tyubu mpaka kila kitu kingine kinachopita pale kinaharibika, ndo unapata yale matope. Ukizipunguza mwanzoni, tyubu inapumua na ukiziba nyuzi kwa kiganja pale kwenye briji kila pigo linasikika lenyewe, limeanza na limeisha.

Sasa mtu atasema si ushushe tu besi kwenye amplifaya. Sio kitu kimoja. Kwenye amplifaya nyingi za metali nobu za besi, midi na trebo ziko baada ya sehemu kubwa ya distosheni, kwa hiyo unapunguza besi ambayo tayari imeshavuruga. Mi nafanya kinyume, naikata mbele halafu ule uzito naurudisha nyuma kwa nobu ya rezonansi, ile inayoongeza sauti za chini mwishoni mwa amplifaya, na spika zenyewe zinamalizia. Na midi usiziue! Nyumbani peke yako sauti isiyo na midi inapendeza kweli ila ukiingia na dramu na gitaa la besi unapotea, hausikiki.

Kingine, ukishaweka pedali punguza geini ya amplifaya. Ilipokuwa 7 shusha mpaka 4 au 5 usikilize, pedali yenyewe inasukuma vya kutosha. Kwa maoni yangu geini nyingi ndo inaua metali nyingi kuliko vifaa vya bei rahisi.

Kuna Ibanez Tube Screamer pia, ya kijani, ndo maarufu zaidi kwa kazi hii na mzunguko wake wa ndani unafanana sana na wa SD-1, zote zinapunguza sauti za chini kuanzia kwenye hezi 700 na kitu kushuka. Tofauti kubwa ni jinsi zinavyokata vilele vya mawimbi ya sauti kuleta mkwaruzo, SD-1 inakata upande mmoja zaidi ya mwingine, lakini Drive ikiwa sifuri huisikii sana hiyo tofauti. SD-1 kawaida ni rahisi zaidi kwa bei, mi nikabaki nayo.

Umeme nao unaingia hapa. Volti zikishuka jioni tyubu zinapata nguvu ndogo na pigo linalainika hata kama hujagusa nobu yoyote, kwa hiyo stabilaiza nzuri ni sehemu ya sauti, mi naihesabu hivyo. Na kama amplifaya imetoka Marekani ni ya volti 120, lazima transfoma ya kushusha yenye uwezo wa kutosha.

Kelele zitaongezeka, hilo ulijue, maana Level iko juu. Mi naweka noizi geti ya Boss NS-2, pedali inayoziba kelele ukiwa hupigi: gitaa linaingia Input yake, Send yake (tundu la kutolea sauti) inaenda kwenye SD-1 halafu mbele ya amplifaya, Send ya efekti ya nyuma ya amplifaya inarudi kwenye Return (tundu la kurudishia) ya NS-2, na Output inaingia kwenye Return ya amplifaya. Ukimya kati ya mapigo unakuwa safi kabisa.

Adapta ya pedali iwe ya volti 9 na hasi iwe katikati, angalia alama kabla hujachomeka maana nyingi za madukani mjini hapa chanya ndo iko katikati. Ukitumia betri, ukimaliza chomoa waya kwenye Input ya pedali, ukiuacha betri inaisha hata kama pedali umeizima.