Nairobi Hospice: kama mgonjwa wenu wa kansa halali usiku, someni hii
Nairobi Hospice iko pale pale kwa Hospitali ya Kenyatta, iko tangu 1990 na ndiyo hospisi (kituo cha kutuliza uchungu na kusaidia wagonjwa wa magonjwa mazito) ya kwanza Kenya, lakini mpaka sai ukitaja hilo jina watu wanakuangalia kama unampeleka mtu kaburini. Sivyo jamani. Mgonjwa anaonwa, anapewa dawa, anarudi kwake, na ambaye hawezi kutoka kitandani wako na mpango wa kumfuata nyumbani.

Mzee wetu ako na kansa ya tezi dume na imeingia mifupani. Hospitali tulikoanzia ilikuwa Panadol na Brufen tu, tukiuliza mofini, ile dawa kali ya uchungu, tunaambiwa bado, hiyo ni ya mwisho. Ya mwisho aje na mtu analia usiku kucha? Mofini inapewa kulingana na uchungu, si kulingana na siku zilizobaki.

Kilichonifurahisha zaidi tulipofika Hospice ni venye sista alimuuliza mzee mwenyewe, si sisi watoto. Uchungu uko wapi, unachoma ama unavuta, unakuamsha, kutoka sufuri hadi kumi ni ngapi. Mzee ni wale wa "niko sawa tu", hapo akasema nane. Sisi tulikuwa hatujui.

Akaanzishiwa mofini ya maji, unapima na sirinji anakunywa, kila masaa 4 kwa kufuata saa, hamngoji uchungu urudi kwanza maana ukishapanda kuushusha ni kazi. Saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, halafu saa 4 usiku dozi mara mbili ndio mzee alale hadi asubuhi, na akalala kweli. Uchungu ukichomoka katikati kuna dozi ya ziada. Dawa ya kulainisha choo inaanza siku hiyo hiyo, msiiache, mofini inafunga choo vibaya sana. Usingizi mwingi wa siku za kwanza huisha. Shangazi aliogopa ati mzee atakuwa mlevi wa dawa, sista akaketi naye akamweleza polepole kwamba ikipimwa kwa ajili ya uchungu na ikifuatiliwa hiyo hofu haifai kumnyima mtu dawa, ila tu msiikatize ghafla. Pia walituelekeza kuuliza kuhusu kupigwa miale (radiotherapy), kwa uchungu wa mifupa inasaidia sana.

Sai mzee anakaa nje na wajukuu, anabishana siasa na jirani. Kansa bado iko, lakini amerudi kuwa mtu wetu.

Ugumu ni kufika. Matatu na mifupa inayouma haviendani, tafuteni gari kama mnaweza. Na kemisti za mtaani mofini huwezi pata, kwa hivyo rudini kabla chupa haijaisha. Mkienda bebeni barua ya daktari, majibu ya vipimo na dawa zote anazotumia, hata za miti shamba, hawagombezi mtu.