Darasa la Meno la Jumamosi Mjini Nakuru: Tathmini ya Mwalimu

Kwa Jumamosi tatu nimehudhuria darasa la afya ya kinywa linalotolewa na kliniki moja ndogo ya meno mjini Nakuru, mara ya kwanza nikiwa na mwanangu aliyekuwa akiumwa na gego, na mara mbili zilizofuata nikiwa na wanafunzi wangu wa gredi ya sita kutoka upande wa Rongai. Darasa huchukua muda wa saa moja na nusu, halilipiwi, na hufanyika katika chumba cha kungojea kabla wagonjwa hawajaanza kuonwa.

Kilichonifanya nirudi ni somo la floridi, madini yanayopatikana katika maji na pia katika dawa ya meno. Mkazi wa Nakuru hahitaji kuelezwa meno ya kahawia ni yapi, kwani tunayaona kila siku, lakini wengi wetu tumekuwa tukiyahesabu kuwa dalili ya uchafu. Nina wanafunzi ambao hawacheki bila kuziba midomo kwa viganja, na ninawajua wazazi waliowachapa watoto wao kwa kudhani kwamba hawapigi mswaki. Daktari hakuanza na mswaki hata kidogo, bali alianza na maji. Alieleza kwamba miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huachilia floridi katika maji ya ardhini, kwamba Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kwamba visima vingi vya eneo letu huvuka kiwango hicho. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yangali yanaumbika ndani ya taya, yaani tangu uchanga hadi umri wa miaka 8 hivi, tabaka gumu la nje la jino hujengeka vibaya, na jino huota likiwa na michirizi myeupe, madoa ya kahawia au hata vishimo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mimi, niliyelelewa Kakamega na kuhamia huku nikiwa mtu mzima, meno yangu hayakubadilika, ilhali ya mwanangu aliyezaliwa hapa yamebadilika ingawa tunatumia bomba moja.

Mama mmoja aliuliza, kwa uchungu uliokuwa dhahiri, “Daktari, mimi maji yote ya watoto huyachemsha. Nimekosea wapi?” Akajibiwa kwa upole, “Hujakosea, mama. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila floridi haitoki. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki palepale.” Kisha daktari akataja njia zinazosaidia: maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi safi, na kichujio cha mkaa wa mifupa, ambacho Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imekitengeneza na kukieneza kwa miaka mingi. Alisisitiza kwamba mkaa huo huchoka na sharti ubadilishwe, jambo ambalo majirani zangu wawili wenye vichujio hawakuwa wakilijua.

Ugumu wa somo hili ni kwamba floridi hiyohiyo imo katika dawa ya meno na hulinda jino lisioze. Mkufunzi dhaifu angewaacha watu wakiiogopa dawa ya meno. Huyu aliweka dawa juu ya miswaki miwili ili tuone kwa macho: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka 3, na kiasi cha punje ya njegere kwa wa miaka 3 hadi 6, mzazi akisimamia ili mtoto ateme asimeze.

Sehemu ya kuoza kwa meno nayo ilifundishwa vizuri. Wanafunzi walishangaa kusikia kwamba bakteria wa kinywani hugeuza sukari kuwa asidi, na kwamba mate yanahitaji muda wa kutuliza asidi hiyo, hivyo soda inayonywewa kidogokidogo mchana kutwa hudhuru kuliko ileile ikinywewa pamoja na chakula. Walionyeshwa pia gego la kwanza la ukubwani, ambalo huota nyuma ya meno ya utoto katika umri wa miaka 6 hivi bila jino lolote kung’oka, na kwa hiyo wazazi wengi huliacha lioze wakidhani litabadilishwa. Gego la mwanangu lilikuwa hilohilo. Liliwahiwa, likazibwa.

Zipo kasoro mbili. Magonjwa ya fizi yaligusiwa kwa dakika chache tu, ingawa nusu ya waliokuwa chumbani walikuwa watu wazima, na bibi mmoja mwenye kisukari aliondoka bila kuelezwa kwamba ugonjwa wake na fizi zinazotoka damu vinahusiana. Ya pili inaniuma zaidi: maelezo yote hutolewa kwa Kiswahili kilichonyooka, lakini kijitabu anachopewa mzazi kwenda nacho nyumbani kimeandikwa kwa Kiingereza kitupu. Nimeieleza kliniki hivyo, wakanipa nakala niitafsiri, na kurasa zinazohusu maji na kichujio tayari ziko mikononi mwao.

Anayepanga kwenda afike kabla ya saa mbili asubuhi, kwa kuwa viti havizidi ishirini, na abebe mswaki anaoutumia nyumbani, maana huukagua.