Kit Kat: chokoleti iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu wa kazini

Mambo vipi wadau, leo mezani nina Kit Kat, ile ya kawaida ya vidole vinne, na kabla sijaivunja ngoja niwape historia yake maana ukiijua hata kuila unaila tofauti.

Hii kitu ilizaliwa York, Uingereza, kwenye kiwanda cha Rowntree's. Mfanyakazi mmoja alitoa wazo itengenezwe chokoleti ambayo mtu anaitia kwenye mfuko wa msosi anaenda nayo kazini, basi ikaingia sokoni 1935 ila ikiitwa Chocolate Crisp, jina la Kit Kat limekuja 1937. Sasa angalieni hii mifereji, unapiga kidole, kach, umekata kimoja unampa mwenzako, vingine unavirudisha mfukoni kwa ajili ya baadaye. Mi hapo ndo nawavulia kofia, umbo lenyewe limemfikiria mtu mwenye mapumziko mafupi.

Halafu vita. Maziwa yakawa adimu Uingereza, 1942 wakalazimika kutumia chokoleti nyeusi, na wakabadilisha ganda kutoka jekundu kuwa la bluu ili mteja ajue kabisa kwamba hii siyo ile aliyoizoea. Yani hawakumficha mtu kitu! Maziwa yaliporudi baada ya vita, na wekundu ukarudi. Nestlé wao wamekuja kuinunua Rowntree 1988, ila Marekani inatengenezwa na Hershey kwa leseni ndo maana ukionja ya kule utasema mbona siyo yenyewe, na Japani wana hadi ya chai ya kijani na ya wasabi.

Haya, ladha. Chokoleti yenyewe ni tamu sana, kali kidogo kwenye koo, lakini zile biskuti za wefa ndani zinaikata vizuri, na ule ujazo mwembamba katikati ya wefa una Kit Kat zilizosagwa, zile zilizovunjika kiwandani zinarudishwa humo humo. Safi sana hiyo.

Ile nene ya Chunky iliyotoka 1999 siipendi, chokoleti nyingi mno wefa inapotea. Chukueni ya vidole vinne, na dukani ibonyezeni kwanza, ikiwa laini ujue imekaa kwenye joto, iacheni.