Ukungu

Ile picha ya jani la barafu mliyonisifu sana, naomba mzirudishe sifa zenu. Si barafu. Ni kuvu. Kuvu iliyoota ndani ya kamera ya mtumba niliyouziwa Mjini, kwenye kichochoro cha nyuma ya Darajani. Duka silitaji, mama kanikataza, ila mlioniuliza kama mnunue pale, jawabu liko mbele.

Kwa wasiojua habari zangu: mie hupiga picha barafu. Ndiyo, Unguja, joto hili hili. Dada yangu anauza barafu za ubuyu na ukwaju nyumbani, ana friza ya mfuniko wa juu, na kila anapoifungua kumpa mtoto wa watu barafu yake, hewa yetu hii nzito huingia. Mvuke ukigusa ubavu wa friza unaganda hapo hapo, hata maji hauwi kwanza. Siku tatu nne ukiuacha unapata manyoya, sindano, vijisahani vya pembe sita vidogo kuliko punje ya mtama. Kwa lenzi ya karibu huo ni mji mzima. Na barafu za kawaida nazo zina mambo yake. Maji huganda kuanzia nje, hewa iliyomo ikasukumwa ndani mpaka ikakosa pa kwenda, ndiyo ule weupe wa moyoni. Usogelee utaona ni mapovu membamba yamejipanga kama ushanga.

Kazi yenyewe ni ya kukimbizana. Nikinyanyua mfuniko nina sekunde chache tu kabla sindano hazijaanza kulegea, na pumzi nimeibana, maana pumzi moja inatosha kuzimaliza. Nyuma yangu dada anasoma hesabu ya umeme kwenye Tukuza, mita yetu ya kulipia kabla: "Funga! Tukuza inakwenda hiyo!" Kwa hiyo kamera ya kubahatisha sina nafasi nayo. Nilidunduliza karibu mwaka, nikatoa laki tisa, masika yalikuwa ndiyo yanaanza, au yanakwisha, sikumbuki.

Na lenzi nitasema kweli, sitomdhulumu mtu: lenzi ni kali. Siku ya kwanza tu nilipiga povu moja ndani ya barafu ya ukwaju, dirisha la jikoni likaonekana ndani yake limepinduka, nondo zote. Siku ile lau mngeniuliza ningewapa nyota tano na dua juu.

Wiki ya pili ndiyo lilipotoka lile jani. Pembeni juu kulia, limechomoza kwenye weupe wa friza, vitawi vimejipinda vizuri kama kazi ya nakshi ya mlango. Mkasifu. Kuna mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alitaka nimchapishie alitundike ukumbini. Nikavimba kichwa, si uongo.

Ikafika Idi. Nikampiga picha baba amesimama uani, kanzu nyeupe, jua kali, tundu la lenzi nimelibana. Natazama picha: begani kwa baba kuna jani la barafu.

Mahali pale pale. Juu kulia. Vitawi vile vile.

Nikatoka mbio mpaka Forodhani nikapiga mbingu tupu. Jani lipo. Nikaushika ukuta.

Nieleze kidogo, maana duka lilinifanya mjinga na sitaki nanyi mfanywe. Ukipiga kitu kwa karibu sana, kinachoonekana vizuri ni unene wa unywele tu, basi unabana tundu la lenzi ili upate zaidi. Tundu likibanwa, kila uchafu uliokaa kwenye kioo cha mbele ya sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachoipokea picha, hutupa kivuli chake kwenye picha. Tundu likiwa wazi huoni kitu. Ndiyo maana dukani, tulipoijaribu mle kizani tundu limefunguka lote, picha zilikuwa safi kama maji ya kisima.

Nikarudi. Nilikwenda kwa adabu, nimetoa salamu, nikamwita ami kwa sababu ni mtu mzima. Nikamwambia, "Ami, kamera ina ukungu."

"Ukungu si jambo. Ifute na kitambaa."

"Si ukungu huo ami. Ukungu wa kuota."

"Unaota nini?"

Watu wawili waliokuja kununua kava za simu wakacheka. Nikasema kuvu, nikasema koga, nikamfungulia picha. Akavaa miwani, akaitazama kwa utuvu, akasema, "Mbona hii ni barafu?"

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimwambia ukweli: kwamba mie hupiga picha barafu, kwa hiyo najua barafu na hii siyo. Yule mzee akaweka kamera chini. Akawageukia wale wawili. "Mumemsikia? Barafu! Mimi nimemuuzia kamera ya kupigia harusi, yeye kaenda kuitia ndani ya friza. Halafu kuvu anauliza imetoka wapi."

SIKUITIA NDANI YA FRIZA. Nilijitetea kama mtoto mbele ya mwalimu. Nikamwambia wako watu wazima na akili zao waliofanya kazi hii, kuna mkulima wa Vermont kule Marekani, Wilson Bentley, alipiga picha ya kwanza ya chembe ya theluji mwaka 1885 na akaendelea mpaka akapita 5,000, na mpaka leo anatajwa. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo kamera alinunua kwangu?"

Duka zima likaanguka kicheko. Nikatoka na kamera yangu, na ile kava niliyokuwa nimeshailipia nikaisahau juu ya kaunta. Sikurudi kuichukua mpaka leo. Elfu tano hiyo.

Kwa hiyo jawabu langu: msinunue pale. Nyota moja, na hiyo moja ni ya lenzi.

Sasa, kuna jambo. Kamera nilimpa mtu aliyekuwa akivuka na boti, ikafika kwa fundi Dar, akaisafisha kioo kwa pamba na dawa. Nikamuuliza kwa simu, hii kuvu ni ya yule mzee au yangu? Akasema kuvu haina cheti cha kuzaliwa. Akaniuliza nimekuwa nikiiweka wapi. Nikamwambia kabatini, kwenye mkoba wake wa ngozi. Akaniuliza ikitoka kwenye baridi huwa naipangusa? Nikanyamaza. Maana kweli huwa inatoka friza inatiririka jasho, na kuna siku moja, moja tu, niliingiza mkono na kamera mpaka kwenye kiwiko. Nikabadilisha lenzi hapo hapo juu ya friza, mdomo wa kamera wazi. Siku hizi huifunga kwenye mfuko wa plastiki mpaka ipate joto la chumba, jasho linabaki juu ya mfuko. Hilo hakuna aliyenifundisha dukani, na laki tisa nimelipa!

Lakini kinachoniuma zaidi si hilo. Barafu inayoota hewani hutoa vitawi kwa nyuzi 60, sita kwa duara, haikosei. Jani langu lilikuwa limejipinda kama mkia wa paka. Niliona. Nikajiambia barafu ya kwenye kioo nayo hujipinda kufuata mikwaruzo, kumbe ubavu wa friza ya dada si kioo, ni bati. Mzee alisema "hii ni barafu" kwa kunikejeli, au alisema kwa kuamini, sijui. Mie nilisema kabla yake, na nikasifiwa.

Basi tuseme nyota mbili. Tatu ukitoa ile midomo yao.

Sasa hivi kamera ni safi na nimeanza jambo jipya. Nagandisha maji membamba kwenye kifuniko cha plastiki kilicho wazi, nakibandua na kubakisha barafu peke yake, naiweka mbele ya laptopu yenye skrini nyeupe tupu. Nikitia filta ya polaraiza, kioo kinachopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu, kwenye lenzi na kuizungusha, skrini inazima inakuwa nyeusi, barafu inabaki na rangi, zambarau, kijani, chungwa, kila punje na yake. Filta yenyewe niliazima kwa rafiki na amenidai. Nimezunguka Mlandege yote na Mji Mkongwe, ya mdomo wa lenzi hii iko duka moja tu.

Nimemtuma mpwa wangu kesho asubuhi. Nimemwambia asitaje barafu, na akiona kava nyeusi imewekwa pembeni ya kaunta aiulizie.